Nepi mchana, pampasi usiku: tulivyogawa saa nyumbani kwetu

Wengi wanaoniuliza kuhusu kuchanganya nepi za kitambaa na pampasi huanza na bei. Mimi huwauliza kwanza mambo matatu: maji kwenu yanatoka siku gani, kamba ya nguo inapata jua saa ngapi, na mfuaji ni nani. Nimelea watoto wawili hapa Dar es Salaam, wa kwanza kwa pampasi tupu na wa pili kwa mchanganyiko. Mchanganyiko unakwenda vizuri ukigawa saa za siku: kuna saa za kitambaa na kuna saa za pampasi, na kila mtu nyumbani anazijua. Ukivalisha chochote kinachokuja mkononi, utajikuta na rundo la kufua halafu bado unadaiwa pampasi dukani kwa Mangi.

Wenzetu wa Marekani na Ulaya wana mfumo hasa wa mseto. Unanunua kifuniko cha nje chenye utando usiopitisha maji, vifungo vya kubonyeza kiunoni na lastiki mapajani. Ndani unaweka ama kitambaa cha kufua, ama kijazio cha kutupa, ambacho ni kama pampasi iliyokatwa mbawa: hakina kiuno wala gundi. Ndugu yangu aliyekuja likizo aliniletea pakiti ya hivyo vijazio. Mkojo vinavuta, sina ubishi. Lakini sioni sababu ya mama wa Dar kuhangaika kuviagiza. Ukijumlisha gharama ya kusafirisha, kimoja kinazidi bei ya pampasi nzima ya dukani. Na yale maneno ya wanaoviuza kwamba vinaoza yanasaidia nini ikiwa safari yake inaishia kwenye gari la taka na dampo la Pugu Kinyamwezi? Vingine vinasifiwa kuwa unaweza kuvipitisha chooni. Kwa shimo la choo la nyumba zetu usithubutu, maana siku gari la maji taka likija kunyonya na mpira wake ukaziba, gharama ni yako.

Kwa hiyo chukua nusu ya mfumo huo, yaani vifuniko, na ndani yake weka nepi za bibi zetu, zile za mraba za pamba nyeupe. Ikunje mara tatu iwe ndefu, ilaze ndani ya kifuniko, bonyeza vifungo, basi. Pini haihitajiki. Mtoto wa kiume ongeza mkunjo mbele, wa kike katikati. Za kisasa zilizoshonwa kwa matabaka, hasa za nyuzi za mianzi, zinabeba mkojo mwingi, lakini kukauka ni kazi. Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, alizikuta kwenye kamba mwezi wa nne, nilikuwa nimezawadiwa. Akazipapasa, akasema, "Mwanangu, hizi zitakauka Idi ijayo." Nepi ya mraba ukiikunjua ni tabaka moja tu, na kwa jua la Dar inakauka kabla hujamaliza kupika mchana. Khanga kuukuu iliyolainika nayo inafaa sana kuongezea unene katikati. Za maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba za plastiki, ziwe chini ya pamba, zisiguse ngozi moja kwa moja, kwa sababu zinaikausha.

Sasa hizo saa. Kwetu kitambaa kilianza mtoto akishaogeshwa asubuhi hadi kuoga jioni, siku za kuwa nyumbani. Unabadilisha kila baada ya saa mbili hivi, au mara tu akipata choo. Usiku ni pampasi, na wala usijisikie vibaya. Ndani ya pampasi kuna chembechembe zinazogeuka jeli zikikutana na mkojo, na jeli hiyo haiuachii mkojo kirahisi hata mtoto akiilalia. Pamba haina uwezo huo. Ikishajaa, inarudisha maji kwenye ngozi, mtoto anaamka saa nane na wewe unaamka naye.

Kitu hichohicho kinatokea kwenye mbeleko. Ukimfunga mtoto mgongoni kwa khanga, nepi iliyolowa inabanwa na kukamuliwa, na blauzi yako ndiyo itakayotoa taarifa. Kwa hiyo siku ya kliniki, ya daladala, ya kanisani au msikitini, na ya basi la kwenda mkoani, mvalishe pampasi. Ukilazimika kutoka na kitambaa, beba mfuko usiopitisha maji wenye zipu wa kuwekea zilizolowa. Ile mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukipewa sokoni ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na mfuko mbadala unavujisha kila kitu.

Wiki za kwanza baada ya kujifungua tumia chochote kinachokupa usingizi. Vifuniko vingi vinavyoitwa vya saizi zote havimkai vizuri mtoto wa kilo tatu, mapaja yake bado membamba na mkojo unatokea pembeni. Hata hivyo, kitambaa kina faida moja kubwa katika siku hizo: kinakuonyesha mtoto anakojoa mara ngapi. Kuanzia kama siku ya tano, mtoto anayenyonya vya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Pampasi nzuri inaficha hesabu hiyo, hasa kwa mama wa mara ya kwanza. Na chochote utakachomvalisha, kikunje chini ya kitovu mpaka kitovu chenyewe kidondoke.

Pesa. Chukua pampasi ya rejareja ya shilingi 500, mtoto anatumia sita kwa siku. Hiyo ni 3,000 kwa siku, 90,000 kwa mwezi. Ukibakiza mbili, moja ya usiku na moja ya dharura, ni 30,000, tofauti 60,000. Kutoka kwenye tofauti hiyo toa sabuni, maji na uniti za LUKU za kupigia pasi, ndipo utajua umeokoa nini. Nyumba inayonunua maji ya boza au ya madumu ifanye hesabu hii kwa kalamu kabla ya kununua hata nepi moja, kwa maana kuna mitaa ambayo akiba yote inaishia kwa muuza maji.

Kufua ndiko kunakowashinda watu, na mara nyingi ni kwa sababu ya ndoo. Usiloweke nepi siku nzima kwenye maji. Zinanuka, kitambaa kinachoka mapema, na mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu. Kinyesi kiende chooni kwanza, hata cha mtoto mchanga, kwa kuwa kinabeba vijidudu kama cha mtu mzima. Kisha suuza kwa maji baridi, weka kwenye ndoo kavu yenye kifuniko, na ufue kesho yake au keshokutwa. Maji ya moto yakitangulia, doa linaganda. Kinyesi cha njano cha mtoto anayenyonya tu kinatoka kirahisi, na alama ikibaki, anika nepi ikiwa mbichi juani, itafifia yenyewe. Usipoteze pesa kwa dawa za kung'arisha.

Sabuni kidogo, maji mengi. Dawa ya kulainisha nguo iache kwenye mashati ya baba watoto, kwa sababu inaacha utando na nepi inaacha kunyonya. Mafuta mazito ya mgando unayompaka mtoto makalioni yanafanya vivyo hivyo, kwa hiyo yapake anapovaa pampasi. Nepi mpya za pamba zifue mara kadhaa kabla ya kuzitumia, bado zina mafuta ya asili. Kama mnatumia maji ya kisima cha chumvi, kama mitaa mingi ya hapa, sabuni haisuuziki vizuri, nepi zinakuwa ngumu kama ubao na makalio yanawasha. Fulia hayo ya chumvi ukipenda, ila maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya bomba au ya mvua.

Pasi si urembo. Kuna inzi, wengine humwita inzi wa maembe, anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu. Yai likianguliwa, funza anaingia kwenye ngozi ya mtoto na kufanya jipu. Joto la pasi linaua mayai, basi piga pande zote mbili na usiruke pindo. Usianike nepi kwenye majani wala chini. Vifuniko vyenyewe havipigwi pasi, utando wake utayeyuka. Vianike ndani, penye kivuli na dirisha lenye wavu, na hata lastiki itadumu zaidi. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, sisi tulisogeza mpaka: siku za mvua mfululizo mtoto alivaa pampasi hata mchana, jua likirudi tunarudi kwenye kitambaa.

Hapa nisikilizeni vizuri, dada zangu. Nepi zilizohifadhiwa tangu mtoto wa kwanza zisiwekewe vile vidonge vyeupe vya kabatini, naftalini. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD, yaani kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali iliyo ya kawaida sehemu zenye malaria kama pwani yetu, akivikwa nguo zenye mvuke wake chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka, na manjano ikawa kali hadi kuhatarisha ubongo. Ukirithi nepi kutoka kwa wifi na zinanukia hivyo, zikatae kwa adabu.

Kisha mfuaji. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, baada ya hapo wengi wetu tunamwachia mtoto dada wa nyumbani. Mama anayetangaza kwamba nyumba yake imehamia nepi za kitambaa, wakati mikono inayofua ni ya binti mwingine kwa mshahara uleule, ameokoa pesa kwa jasho la mtu. Mimi nilikaa na dada tukakubaliana: nilimwongezea kidogo kutoka kwenye ile akiba, za Jumamosi na Jumapili tulifua mimi na mume wangu, na siku maji yakikatika yeye ndiye anayeamua kuvalisha pampasi bila kunipigia simu. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichofanya mpango udumu.

Kuhusu mazingira, tusijisifu kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2008 ulikuta kwamba kwa miaka miwili na nusu ya mtoto mmoja, pampasi na nepi za kitambaa zinakaribiana kwa hewa chafu inayoongeza joto duniani, kama kilo 550 kwa 570, na kinachoamua ni namna ya kufua: maji ya moto na mashine ya kukaushia vinaharibu hesabu. Sisi tunafua kwa maji baridi na kuanika juani, na nepi zinarithiwa, kwa hiyo tuko upande mzuri. Ila pampasi zilizobaki zifungwe na kuwekwa kwenye taka. Zisitupwe mtaroni wala kuchomwa uani.

Upele mwekundu wa kawaida huisha ukibadilisha mara kwa mara na kumwacha makalio wazi kidogo. Ukiona wekundu mkali wenye vipele vidogo pembezoni, unaoingia hadi kwenye mikunjo ya mapaja, huenda ni fangasi. Nenda zahanati upate dawa, na nepi zote za wiki hiyo zichemshwe, vifuniko visichemshwe.

Ukianza, nunua vifuniko viwili na nepi za mraba sita tu, uzitumie nyumbani mchana kabla ya kuongeza. Ukiridhika, vifuniko vitano au sita na nepi 24 vinatosha kufua siku moja na kupumzika moja. Vifuniko vya mitumba si vibaya: vuta lastiki uone kama inarudi, kisha geuza ndani uangalie utando. Ukiwa umebanduka au una mipasuko, rudisha hata akikuuzia kwa buku.