Jibu: Kwa nini wanaolala nje hununua andazi na soda?

Mkuu, umeuliza kwa nini vijana wanaolala nje pale Kariakoo ukiwapa buku wanakimbilia andazi na soda badala ya "chakula cha maana". Sasa akinunua unga na dagaa, apikie wapi? Hana jiko, hana sufuria, hana hata pa kuuficha huo unga usiku usilowe au kuibiwa.

Nimemsaidia mama mkubwa kuuza chakula sokoni miaka miwili. Kuanzia saa kumi jioni vijana hao walikuwa wanakuja na makopo matupu ya rangi, wanaomba ukoko. Tunawakwangulia, tunamwagia mchuzi wa maharage. Nyama na mboga zimeshaisha zamani. Ni wanga mtupu kila siku, ndiyo maana unaona pembe za midomo zimechanika na fizi zinatoa damu. Na ile gundi wanayonusa si starehe tu, inaua njaa.

Ukitaka kusaidia, mlipie sahani kwa mama ntilie, aongezewe mchicha. Chungwa pia zuri, ila mpe lililomenywa. Akikutwa na kisu, mgambo hawatamuuliza cha nini.