Trekta la theluji sio langu, na hela yake msiipangie bajeti

Shikamooni wazee wote, wadogo zangu mambo vipi. Najibu kwa wote mara moja maana nimechoka kujibu mmoja mmoja usiku wa manane huku nikiwa nasubiri kuamka tena.

Ile video niliyomtumia dogo, ile nimekaa juu ya kitrekta cha rangi ya chungwa nasukuma theluji mbele ya nyumba ya mtu huku Minnesota, Marekani, naona imefika Katesh, imefika Babati, imefika mpaka Arusha kwenye kamati ya harusi ya binti wa shangazi, na kila ilipofika imeongezwa maneno. Jamaa katoboa. Kanunua trekta Marekani. Ana tenda ya kusafisha theluji mji mzima. Kamati imeniandikia ahadi ya milioni mbili bila kuniuliza hata kwa meseji. Na baba mdogo, kwa heshima zote, ameuliza gharama ya kulisafirisha kwa meli lije lilime Basotu.

Trekta sio langu, tuanzie hapo. Ni la bosi. Pikapu inayolivuta ni ya bosi, trela ni la bosi, hata cheni zilizofungwa kwenye matairi ya nyuma ni za bosi. Za kwangu pale ni glovu na buti. Na baba mdogo wewe ni mtu wa matrekta tangu enzi za mashamba ya ngano, kwa hiyo nakwambia kitu utakachokielewa: lile lina HP 25 hivi. Massey 375 tuliyokuwa tunakodi ina 75. Plau ya sahani tatu haliiwezi, ukilifunga litasota pale pale kwenye udongo wa kwetu mpaka clachi iungue. Kule mbele limefungwa bledi, bamba la chuma lililopinda kidogo, unalipandisha na kulishusha kwa haidroliki na unaligeuza kushoto au kulia ili theluji imwagike pembeni isirundikane mbele yako. Basi. Halichimbi chochote, linasukuma. Kiangazi wanalifunga mashine ya kukata majani na dereva ni mimi huyo huyo.

Sasa hela, maana ndio mnachotaka kujua na ndio kinachoniuma.

Dogo, ulisikia mtu analipa dola 50 njia ya gari ya nyumba moja, dakika kumi kazi imeisha, ukapiga hesabu nyumba ishirini kwa usiku mmoja. Hesabu yako ni sahihi ila umeipigia mfuko ambao sio wangu. Bosi ana wateja wa aina mbili. Wapo wanaolipa kila tukienda, na wapo waliolipa mkupuo tangu Oktoba kwa msimu mzima, theluji ianguke isianguke. Hao wa mkupuo ndio usalama wa bosi, isipoanguka yeye hela yake ameshaila. Mimi nalipwa kwa saa niliyokaa kwenye kiti. Na makubaliano na wateja ni kwamba tunatoka theluji ikifika inchi mbili, yaani sentimita tano. Ikianguka sentimita nne simu hailii. Unaamka saa nane usiku mwenyewe unachungulia dirishani, unaona nyeupe, unavaa, unakaa tayari, simu kimya, unavua. Usiku huo hauna hata senti.

Mnakumbuka ule msimu nilituma hela ya bati za kwa mama, nikalipa na ada ya dogo VETA? Ulikuwa msimu wa 2022 kuingia 2023. Hapa Minneapolis na St. Paul ilianguka inchi 90, zaidi ya mita mbili na robo ukijumlisha msimu wote, ni msimu wa tatu kwa wingi wa theluji tangu waanze kuandika rekodi. Nililala kidogo sana miezi ile ila nilituma, na nyie mkazoea, na siwalaumu, mtu akiona mvua imekuja vizuri anapanga mambo. Msimu uliofuata ndio ukawa wa joto kuliko misimu yote ya baridi waliyowahi kurekodi Minnesota. Krismasi ya 2023 ilinyesha mvua. Mvua, Minnesota, Krismasi. Wenyeji walifurahi wakatembea na makoti mepesi, mimi nilikuwa naangalia utabiri wa hali ya hewa kila saa, nikiona jua naumia tumbo. Nikabaki na shifti zangu za kutunza wazee tu, na hizo zinaishia kwenye kodi ya nyumba na dawa za mama.

Na ndio mwezi ule ule. Tarehe 3 Desemba 2023 matope yalishuka kutoka mlima Hanang yakapita Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Nilikuwa naangalia picha kwenye simu, magogo na mawe katikati ya mtaa niliopita kwenda shule, watu wanachimba kwa mikono na majembe kutafuta wenzao. Nilitamani niwepo nishike hata koleo. Makoleo matatu yalikuwa nyuma ya pikapu ya bosi hayana kazi. Nilichotuma siku zile kilikuwa kidogo, najua kilikuwa kidogo, ndicho kilichokuwepo, na mmoja wenu, sitamtaja, akasema mwenye trekta anatuma laki mbili kwenye msiba wa namna hii. Hilo neno limekaa kifuani mwangu mpaka leo. Sikujibu siku ile kwa sababu watu walikuwa wanazika. Najibu sasa: sikuwa na trekta na theluji haikuwepo.

Kuna mwingine anasema si kuna baridi kali huko, basi theluji ipo tele. Hapana. Baridi ile ya kutisha kabisa mara nyingi haiji na theluji. Hewa ikiwa ya baridi sana haibebi unyevu wa kutosha, anga linakuwa jeupe safi na jua linawaka na hakuna joto hata kidogo. Tarehe 30 Januari 2019 hapa ilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri, za Selsiasi. Siku za namna hiyo naganda halafu sina kazi. Theluji nyingi inakuja siku za ubaridi wa kati, karibu na sifuri, na hiyo ndio nzito, imejaa maji, bledi likiikusanya trekta linasimama matairi yanazunguka na cheni zake. Ile ya kwenye baridi ni kavu, nyepesi kama unga wa sembe, unaisukuma vizuri ila upepo unairudisha nyuma yako na mteja anapiga simu kusema hujafanya kazi.

Na sio kukaa tu mnavyodhani. Nyumba nyingi tunazofanya ziko nje ya mji, kaunti ya Anoka huko, njia ndefu za kokoto. Ukishusha bledi mpaka chini unazoa kokoto zote unazitupa kwenye majani, kwa hiyo unafunga viatu vya chuma chini ya bledi likae juu ya ardhi kidogo, na kabla ardhi haijaganda, Oktoba, unapigilia vijiti pembeni mwa njia, maana theluji ikishafunika hujui njia iko wapi na bustani iko wapi. Theluji ya kwanza unaisukuma mbali sana, mbali kuliko unavyoona inatosha, kwa sababu ile rundo itaganda na haitatoka mpaka Machi, ukiiacha karibu basi ifikapo Januari huna pa kuweka nyingine. Ukimaliza njia vizuri, greda la mji linapita barabarani linakumwagia ukuta mpya mdomoni mwa njia, barafu na mawe na chumvi, unarudi kuanza upya. Na huwezi kuusukuma ukavuka nao barabara, sheria ya jimbo inakataza. Chumvi nayo mnayodhani inamaliza kila kitu, ikishapita nyuzi 9 chini ya sifuri chumvi ya kawaida haifanyi kazi ya maana. Yote hayo yaishe kabla watu hawajatoka kwenda kazini asubuhi.

Dizeli inaganda. Nawaambia kweli, nta iliyomo inashikana, inaziba chujio, injini inazima katikati ya njia ya mtu. Kwa hiyo kuna dizeli ya msimu wa baridi, kuna dawa ya kuchanganya, na injini ina hita unaichomeka kwenye umeme usiku kucha. Mwili ndio hauna pa kuchomekwa. Trekta letu halina kebini. Vidole vikiuma endelea, vikiacha kuuma shuka haraka uingie kwenye gari, hapo ndipo watu wanakatwa vidole.

Lile la kudhalilishwa nitalisema mara moja tu halafu msiniulize tena. Saa tisa usiku mteja ametoka na tochi, ananimulika usoni, ananirekodi na simu, ananiuliza mimi ni nani na nafanya nini kwenye nyumba yake, wakati niko juu ya trekta, taa zinawaka, theluji nusu imeshasukumwa, na yeye ndiye aliyelipia. Nikampa namba ya bosi. Akapiga. Akasema sawa, akaingia ndani. Hakuomba radhi na mimi nikamalizia kazi yake vizuri, mpaka ngazi za mlangoni nikachota kwa koleo kwa mkono, kwa sababu ndio kazi na kwa sababu mama anakula dawa kila siku.

Kwa hiyo wadogo zangu, msije. Nasema kwa uchungu, msije kwa ajili ya video. Mtu mwenye heka tano Basotu na ng'ombe wawili wa maziwa akiniambia anauza aje kubeba boksi au kusukuma theluji, nitamkatalia mpaka mwisho. Shamba usiuze. Narudia tena, usiuze shamba. Na yule jamaa wa Arusha anayechukua milioni kadhaa akisema ana koneksheni ya kazi za theluji, anawaibia, hakuna kampuni ya hapa inayotafuta madereva wa kitrekta kwa kupitia mtu wa mtaani, msimpe hata shilingi.

Lakini pia siwezi kusema uongo, huku nimejenga. Bati ziko juu, mnaziona. Mama angekuwa wapi bila hizi shifti? Kwa hiyo mtu akipata njia halali, shule au karatasi za kweli, aje, asiogope baridi, baridi inazoeleka, nguo zipo, watu wa kwetu wapo wengi Brooklyn Park, mji wa hapa jirani, Wakenya, Waliberia, Watanzania, hutalala na njaa wala hutazikwa na manispaa. Ila aje na fani. Nimeangalia hapa miaka yote hii, theluji isipoanguka dereva hana hela lakini fundi ana hela. Yule anayejua haidroliki, anayejua umeme wa mashine, anayechomelea bledi lililopasuka, huyo analipwa kiangazi na baridi, na bosi anamwita kwa jina lake vizuri.

Na mnapotaka hela, ongeeni na mimi kabla, sio baada. Niulizeni kama kazi ipo mwezi huu. Sitakasirika. Ninachokasirika ni kusikia jina langu limesomwa kwenye kikao na kiasi nisichokijua, halafu nikituma nusu mimi ndio mbaya. Mkinipa miezi mitatu naweza kupanga. Mkinipa wiki moja nakopa, na hapa kukopa kuna riba ambayo sitaki hata kuielezea.

Mambo yalivyo kwa sasa ni hivi. Kamati ya harusi ifute ile milioni mbili, mchango wangu ni laki tatu na nitautuma mwisho wa mwezi kwenye simu ya shangazi, sio ya mwenyekiti. Dawa za mama zinatoka kwenye shifti za wazee, hazitegemei theluji, hizo hazitakosekana kamwe na msimwambie vinginevyo mkamtia presha. Choo cha ndani na vigae vinasubiri mpaka Februari, fundi aambiwe ukweli asichukue kazi nyingine akaja kudai fidia. Baba mdogo, trekta la kukodi la msimu huu nitachangia heka mbili, niambie bei mwenye trekta akishaisema, usikadirie.

Na dogo, pamoja na yote niliyosema, piga picha cheti chako cha VETA pande zote mbili unitumie leo, na unieleze hiyo haidroliki mlifundishwa kwa vitendo au kwa ubao tu.