Vipepeo vya sukari vimenishinda

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao na keki napika mimi. Nataka kuipamba kwa vipepeo vya sukari. Nimejaribu mara tatu: mara mbili sukari imegandia sufuriani, nyeupe kama mchanga. Mara ya tatu vilitoka vizuri, lakini asubuhi nikavikuta vinanata na mabawa yamelegea. Nakosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa harusi. Hukusema kama unakoroga, ila najua unakoroga. Mikono yetu imelelewa na visheti: shira ikishika tunavigeuzageuza humo na mwiko mpaka sukari iwe nyeupe na kuviganda. Weupe ule ndio tunaoutaka kwenye visheti. Kwenye vipepeo ndio unaokuharibia. Chembe moja ya sukari iliyobaki ukingoni ikidondokea ndani, shira yote inaifuata.

Chukua sukari nyeupe gramu 200, maji mililita 60 na nusu kijiko cha chai cha ndimu. Ndimu inaivunja sukari isirudi kuwa chembe. Koroga kabla hujabandika, tena kwenye sufuria nzito. Ikianza kuchemka, mwiko weka mbali kabisa. Chovya brashi kwenye maji upanguse kingo, basi. Mapovu mwanzoni ni mepesi na yana haraka. Baadaye yanakuwa mazito, yanapasuka kwa uvivu. Hapo dondosha tone kwenye glasi ya maji baridi. Likivunjika kwa mlio kama kigae, epua. Mwenye kipimajoto aangalie nyuzi 150. Mimi huiacha kidogo zaidi, ipate rangi ya asali, maana keki nyeupe inaipendeza.

Chora vipepeo kwenye karatasi, juu yake tandika karatasi ya kuokea uliyoipaka mafuta kidogo, kisha fuata mistari kwa ncha ya kijiko. Mwaga kila bawa peke yake. Yakipoa, yaunge kwa tone la shira ya moto.

Watoto wasiwepo jikoni. Nina kovu kwenye kifundo cha mkono wa kulia la tone moja tu. Shira inang'ang'ania ngozi huku ikiendelea kuunguza. Ikikupata, weka mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno usipake.

Ule mnato wa asubuhi ni hewa ya bahari. Sukari inavuta unyevu, na hapo Tanga haukosekani. Friji usiitegemee, ukivitoa tu vitatoka jasho. Vitengeneze asubuhi ya harusi, uvipange kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, karatasi kavu katikati ya kila safu. Krimu nayo ina maji, itaviyeyusha, kwa hiyo vichomeke keki ikishawekwa mezani ukumbini. Tengeneza vya akiba vitano au sita, mabawa hukatika njiani.