Ngome ya fomubodi: kuta kupinda na mnara wa mviringo

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini kuta za ngome yako ya mchezo wa vita mezani zinapinda ukishapaka rangi, na fomubodi (ubao mwepesi wa povu uliobanwa kati ya karatasi mbili) inakunjwaje kuwa mnara wa mviringo bila kuvunjika. Mimi nipo Mtwara mjini. Nimejenga ngome tatu kwa ajili ya mchezo wetu wa Jumapili, na ni hii ya tatu ndiyo iliyokaa sawa.

Kabla hujashika kisu, simamisha kisanamu cha askari wako mezani ukipime. Wangu ni wa mm 28 na vitako vyao ni duara la mm 25, kwa hiyo njia ya juu ya ukuta nimeipa mm 35. Uani nimeacha sm 20 kila upande, maana lazima mkono uingie na kutoka bila kuangusha watu. Ngome yangu ya kwanza ilipendeza sana, lakini ua wake ulikuwa wa sm 9. Hatukuichezea hata mara moja, na iliniuma kwa sababu nilikuwa nimeikalia wiki tatu.

Sasa kupinda. Gundi ya mbao na rangi ya maji zote zinalowesha karatasi ya fomubodi. Karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inasinyaa na kuuvuta ubao upande wake. Ukipaka nje, paka na ndani papo hapo, pande zote mbili zivutane. Halafu usitegemee ubao mmoja. Ukuta wangu ni kama sanduku: fomubodi mbili za unene wa mm 5, na katikati vipande vya kukingamisha vya upana wa mm 30 kila baada ya sm 6. Jumla mm 40. Ukingo wa mbele unachukua 5, zinabaki 35 za askari. Mvua za huku zikianza, toka Desemba mpaka Aprili, hewa inakuwa nzito na gundi ya katikati haikauki upesi. Naubana ukuta kwa matofali mawili mpaka kesho yake.

Mnara ndio ulionisumbua zaidi. Nilitaka ufanane na wa Gereza la Kilwa Kisiwani, ile ngome ya kale, kwa hiyo nilivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko nikaenda kulitazama kwa macho yangu. Lina minara ya mviringo kwenye kona mbili zinazotazamana kimshazari, si kona zote nne, na ukisimama pale unaelewa kwamba minara miwili inatosha kuona kuta zote nne. Mezani hilo linakupunguzia kazi nusu. (Kama mnacheza vita vya 1505, Wareno walipoingia Kilwa, jua kwamba sehemu kubwa ya Gereza la leo ni ujenzi wa Waomani wa karne ya 19. Wareno wenyewe waliondoka 1512.)

Kukunja: bandua karatasi ya upande wa ndani tu, ya nje iache. Upande uliobanduliwa chora mistari ya kisu iliyosimama, kila mm 5, isizame zaidi ya nusu ya unene. Kisha zungushia kopo la maziwa ya unga. Kopo langu lina kipenyo cha sm 10, nikapiga hesabu nikakata sm 31.5, na likabaki pengo la sm 3, upana wa vidole viwili. Kosa langu ni kwamba nilipima kopo. Karatasi ya nje haitanuki, kwa hiyo inayopimwa ni duara la nje: kipenyo sm 11 (kopo na unene wa fomubodi pande zote mbili), urefu sm 34.5. Funga kwa mpira, paka gundi kwenye mshono, liache kwenye kopo usiku kucha.

Gundi ikishashika, lowesha karatasi ya nje kidogo uibandue, kisha gandamiza povu kwa jiwe la matumbawe lililookotwa ufukweni. Usichore matofali yaliyopangwa mistari. Kuta za Kilwa ni mawe ya matumbawe ya kila umbo yaliyoshikwa kwa chokaa, na jiwe lenyewe linakuachia vishimo ambavyo kalamu haiwezi. Juu yake pakaza uji mzito wa gundi ya mbao, mchanga uliochekechwa na rangi nyeupe ya maji, ukiacha mabaka ambapo mawe yanaonekana kama lipu imedondoka.

Spreyi usiiguse kabla ya hapo. Mnara wangu wa pili niliupulizia spreyi nyeusi moja kwa moja, na ndani ya dakika moja povu likaanza kuzama na kuwa mashimo mashimo. Vimiminika vya kwenye spreyi vinayeyusha povu, na supagluu pia. Funika kwanza kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi ya maji, mara mbili, mpaka kwenye ncha za fomubodi ulipokata, maana hapo ndipo povu liko wazi.

Ukifika kwenye mnara, weka picha kabla hujabandua karatasi ya nje, tuone mshono umekaa wapi. Mimi naugeuzia uani.