Atatoka lini, na nani atajua kama yuko tayari?

Mhariri, swali lenu la wiki ni hili: kijana wa chini ya miaka 18 akiua watu zaidi ya mmoja, kwa nyakati tofauti, ahukumiwe kama mtu mzima au abaki chini ya sheria ya watoto? Wengi watajibu kwa hasira, na hasira hiyo ina haki yake, maana waliouawa nao walikuwa na mama zao. Lakini tukubaliane kwanza sheria inasema nini. Huku Moshi na Arusha imezoeleka kusikia kwamba mtoto akiua anapelekwa shule ya maadilisho, akifikisha 18 anarudi mtaani. Kwa kosa la mauaji mambo hayaendi hivyo.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Chini ya miaka 10 hashitakiwi kabisa, na kati ya 10 na 12 upande wa mashtaka lazima uthibitishe kuwa alielewa anachofanya ni kosa. Makosa mengine yanaishia Mahakama ya Watoto, faraghani, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Mauaji yanakwenda Mahakama Kuu. Kosa la "kuua mfululizo" halimo katika sheria zetu: kila marehemu ni shtaka lake chini ya kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, na kila shtaka linathibitishwa peke yake. Akitiwa hatiani hanyongwi. Kifungu cha 26 cha Kanuni hiyohiyo kinasema aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ya tukio atazuiliwa kwa ridhaa ya Rais, mahali na kwa masharti yatakayoelekezwa na waziri mwenye dhamana ya sheria.

Soma tena maneno hayo, "kwa ridhaa ya Rais". Hayana namba ndani yake. Si miaka mitatu wala thelathini. Hapo ndipo nataka tusimame, kwa sababu mjadala wetu wote unahusu ukali wa adhabu, na tatizo ninaloliona liko kwenye mlango wa kutokea.

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Craig Price wa Warwick, jimbo la Rhode Island, Marekani. Mwaka 1987, akiwa na miaka 13, alimuua mwanamke aliyeishi jirani. Hakukamatwa. Mwaka 1989, akiwa na miaka 15, akamuua mama mwingine pamoja na mabinti zake wawili wadogo. Alikiri. Sheria ya jimbo wakati huo haikuruhusu mtu wa umri wake kushitakiwa kama mtu mzima, hivyo alitakiwa kuachiwa akifikisha miaka 21, na kumbukumbu zake zifungwe. Tarehe ilijulikana tangu siku ya kwanza. Kisichojulikana ni hali yake, maana alikataa kupimwa na wataalamu wa akili na sheria haikuwa imefunga tarehe yake kwenye kipimo chochote. Jimbo likabadili sheria, lakini sheria mpya haikuweza kurudi nyuma kumkamata yeye. Alibaki ndani kwa makosa mengine: kudharau amri ya mahakama ya kupimwa, kumtishia mlinzi, na vurugu za gerezani. Mwaka 2019 alipewa miaka 25 mingine kwa kumchoma kisu mfungwa mwenzake huko Florida. Jamii ililindwa kwa njia za pembeni, na hakuna anayepaswa kutegemea bahati ya namna hiyo.

Kwa hiyo Rhode Island walikuwa na tarehe bila kipimo. Sisi tuna kizuizi kisicho na tarehe, na kifungu cha 26 hakitaji siku ambayo mtu lazima akae na kupima. Kijana aliyebadilika na kijana asiyebadilika wanaweza kukaa miaka sawa, kutegemea nani amekumbuka kulifungua jalada.

Maneno hayo ya ridhaa tuliyarithi kwa Waingereza, na wao wenyewe wameyarekebisha. Baada ya watoto wawili wa miaka 10 kumuua mtoto mdogo huko Liverpool mwaka 1993, waziri ndiye aliyepanga muda wao wa chini wa kukaa ndani. Desemba 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema hilo ni kazi ya hakimu, si ya mwanasiasa. Siku hizi jaji hutaja muda wa chini hadharani. Muda huo ukiisha, bodi ya parole huamua kama mtu bado ni hatari, na akitoka anabaki chini ya masharti maisha yake yote. Wale wawili waliachiwa mwaka 2001. Mmoja alirudishwa gerezani mwaka 2010 baada ya kupatikana na picha chafu za watoto. Kwangu huo ni ushahidi kwamba masharti ya maisha yana meno.

Nyumbani kwetu, mambo mengi huharibika mapema kabisa, kesi haijafika hata kwa jaji. La kwanza ni umri. Mshitakiwa anasema ana 16, polisi wameandika 19, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kunyongwa au kutonyongwa. Familia hukimbilia kutafuta cheti cha kuzaliwa baada ya kukamatwa, na cheti kilichosajiliwa mwezi uliopita kina uzito mdogo, kwani kimetokana na maneno ya mzazi yuleyule anayetaka kumwokoa mwanawe. Chenye nguvu ni karatasi iliyoandikwa wakati hakuna aliyewaza kesi: kadi ya kliniki, rejesta ya darasa la kwanza, na huku Uchaggani daftari la ubatizo la parokia au usharika, ambamo tarehe iliandikwa mtoto akiwa mchanga. Nendeni mkaombe nakala ya ukurasa wenyewe, iliyogongwa muhuri.

Karatasi zikikosekana hupigwa eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono. Daktari anaangalia mwisho wa mfupa wa upande wa kidole gumba. Kwa mtoto anayekua kuna mstari mweusi unaotenganisha kichwa cha mfupa na mwili wake, kwa sababu pale bado ni gegedu, yaani sehemu laini ambayo haijawa mfupa. Ukuaji ukikoma mstari unafutika, kwa wavulana kati ya miaka 17 na 19 hivi. Tatizo ni kwamba picha za kulinganishia zinazotumika sana zilitokana na watoto wa Cleveland, Marekani, wa miaka ya 1930, waliokula vizuri. Aliyekua kwa njaa mifupa yake huchelewa, na wengine huwahi kwa asili yao. Jibu la haki ni "kati ya 16 na 19". Ripoti inayotaja mwaka mmoja tu bila kuonyesha inaweza kukosea kwa kiasi gani, wakili aihoji.

La pili ni maelezo ya onyo, yaani yale mshitakiwa anayoandikisha polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake. Muda wa kawaida wa kuhojiwa ni saa nne tangu kukamatwa, na mtoto ahojiwe mzazi, mlezi au afisa ustawi akiwepo. Kituo kikimhoji peke yake usiku, ungamo hilo linaweza kutupwa, na kama jalada lilijengwa juu ya ungamo tu, muuaji wa kweli anatoka. Anayetaka haki ya marehemu ndiye angepaswa kulidai hili kwanza.

La tatu ni akili. Mahakama inaweza kuamuru uchunguzi, kwa kawaida katika taasisi ya afya ya akili ya Isanga, Dodoma, na ripoti hutakiwa ndani ya siku 42. Uchunguzi huo unajibu swali moja: alikuwa na akili timamu alipotenda? Haujibu kama ataua tena. Na msikubali mtaalamu amwandike mtoto wa miaka 14 kuwa ana hulka ya kudumu ya ukatili. Utambuzi huo wa kitabibu hautolewi kabla ya miaka 18, kwa sababu tabia bado inajengeka.

Kisha kuna kusubiri. Mauaji hayana dhamana, kesi inatajwa kila baada ya siku 14, upelelezi haujakamilika, miezi inapita. Moshi na Arusha tuna mahabusi za watoto, jambo ambalo mikoa mingi haina, na huko kijana anaweza kuendelea na masomo. Akivuka 18 katikati ya kesi anahamishiwa kwa wakubwa, na kila kilichoandikwa juu yake na afisa ustawi mara nyingi hakimfuati.

Basi jibu langu: abaki chini ya sheria ya watoto, na kifungu cha 26 kirekebishwe. Jaji ataje muda wa chini, kwa kila marehemu na kwa jumla. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kuwa adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya uhai kwa kumnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya mshitakiwa. Mantiki hiyo inafaa hapa pia. Muda ukiisha, kila baada ya miaka miwili jalada lifunguliwe likiwa na ripoti ya afisa ustawi, ya daktari wa akili aliyekaa naye zaidi ya kikao kimoja, na ya mkuu wa mahali anapozuiliwa. Akikataa kupimwa, tarehe isogezwe. Na barua ya kuwajulisha siku hiyo iende kwa familia za marehemu miezi mitatu kabla, wapate nafasi ya kusema kabla uamuzi haujaandikwa.