Cheo cha jeshini kinasaidia uraiani?

Mkuu, umeuliza kama cheo cha meja na miaka ya kuongoza kombania (kikosi cha askari) vitakupa nafasi ya umeneja uraiani. Vitasaidia, ila si kwa jina la cheo. Waajiri wengi hawajui kombania ni nini. Kwenye wasifu wako andika kazi yenyewe: uliongoza watu wangapi, ulisimamia magari na vifaa gani, ulipanga mafunzo gani.

Ugumu wenyewe huanza ukishaajiriwa. Jeshini amri ikitoka inatekelezwa; huku uraiani kijana wa juzi atakuuliza "kwa nini?" na wala si utovu wa nidhamu. Mhasibu aliye chini yako anaweza kukukatalia malipo, na akawa na haki. Hata Eisenhower, jenerali wa nyota tano wa Marekani, alipochukua urais wa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1948 alikuta maprofesa, watu wasiopiga saluti. Jifunze kushawishi, hasa kwenye vikao (na vikao ni vingi mno).

Wengi watakusukumia kazi za ulinzi. Kama huzipendi, kataa. Angalia ugavi, uendeshaji au usimamizi wa miradi. Na anza kutafuta kabla hujavua magwanda, mshahara ukiwa bado unaingia.