Swala wa pili ndo wa kuogopa: niliyojifunza Mikumi kwa gharama

Wiki iliyopita kijana mmoja kaniandikia inbox: "Bro nimechukua IST, Ijumaa naipeleka nyumbani Mbeya, ndo mara yangu ya kwanza safari ndefu. Mikumi nipite saa ngapi?" Nikamjibu, pita mchana, polepole, nikalala zangu. Asubuhi nikaamka roho inanisuta, maana nimemjibu kama trafiki na mi sio trafiki. Mi nimeua pale.

Ilikuwa 2017. Nilikuwa naendesha Fuso ya tajiri mmoja, tunabeba nyanya Ilula kupeleka Dar. Kama hujawahi kubeba nyanya huwezi kuelewa presha yake, matenga yanaanza kutoa maji huko nyuma, ukikosa soko la alfajiri unauza bei ya kutupa, na tajiri anapiga simu kila nusu saa, uko wapi, uko wapi. Kwahiyo tunapakia jioni, tunashuka Kitonga kwa adabu, tunakula Ruaha Mbuyuni, Mikumi tunaingia saa nne saa tano usiku barabara nyeupe, hakuna trafiki wa kukupiga tochi ya spidi.

Kwa asiyeijua, barabara kuu ya Tunduma kuja Dar inaikatiza hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50 hivi. Hakuna uzio. Hifadhi ipo tangu 1964, mnyama yuko kwake, anatoka upande huu anaenda upande ule kama we unavyotoka sebuleni kwenda jikoni. Vibao vinasema 70 mchana, 50 usiku. Sasa piga hesabu, kilomita 50 kwa spidi 50 ni saa nzima. Mi nilikuwa natembea na 90. Yaani nilichokuwa naokoa ni dakika 27 basi, dakika 27 ambazo ukifika Dar unazimaliza kwenye foleni ya Kibaha.

Swala pala akakatiza. Nikakanyaga breki, akapita salama, utingo wangu akacheka, "nyama hiyo imekwenda." Nikapumua, nikarudisha mguu kwenye mafuta. Hapo hapo akatokea wa pili.

Mlio wake sio mkubwa kama watu wanavyodhani. Ni kama mtu kabamiza gunia la mahindi kwenye geti. Tukasimama, nikawasha hazadi, nikashuka na tochi. Alikuwa jike. Miguu ya mbele imekufa lakini ya nyuma bado inapiga lami, kwato inakwaruza, krr, krr, na jicho liko wazi linashika ile taa ya hazadi, linawaka, linazima, linawaka. Mi mtu mzima nina watoto, nilishindwa kusogea.

Utingo yeye anatafuta kisu. Gari mbili zikasimama, nikadhani wanatusaidia kumbe wanataka nyama, mmoja anasema chinja haraka kabla hajakata roho iwe halali. Nikakataa. Sio kwamba mi mtakatifu, niliogopa, ukikamatwa na mguu wa swala kwenye gari hizo ni nyara za serikali na hiyo kesi sio ya kuomba. Wakanitukana wakaondoka. Askari wa hifadhi wakaja, mengine yakafuata, faini nikaandikiwa (zimepangwa kwa dola, mjue, twiga mmoja ni dola 15,000, gari lenyewe halifiki hiyo), nyanya zikafika saa tano asubuhi zimeshakuwa chachandu.

Tajiri hakuuliza kama tumeumia. Aliuliza shoo ya mbele imebonyea kiasi gani. Akanikata mshahara miezi minne, wa tano gari akampa mpwa wake. Mtu aliyekuwa ananipigia simu kila nusu saa nikimbize! Najua unasoma hapa mzee, na najua mpwa naye yalimkuta.

Leo nina Canter yangu mwenyewe, napita Mikumi mara mbili kwa wiki, na sijagonga hata ngiri. Kwahiyo nisikilizeni.

Kwanza punguza spidi. Najua mnajua, punguza tena. Swala, pundamilia, nyumbu, hawa hawatembei peke yao, ukimuona mmoja amevuka usiangalie alikokwenda, angalia alikotoka. Wenzake wako kwenye majani wanamfuata, na kwa akili yao mwenzao akipita salama na wao wanapita. Usiachie breki mpaka umehesabu hata kumi.

Usiku ukimuona amesimama barabarani usimmulikie fulu, taa inampumbaza anaganda pale pale. Zima fulu, punguza, msubiri. Tembo ndo usiseme, rangi yake na lami ya usiku ni kitu kimoja, unaona giza kumbe giza lina miguu. Na twiga taa zako zinaishia magotini, ukimgonga miguu inakwenda na bampa, mwili wote unakuja kukaa na wewe mbele.

Ukikuta mzoga, punguza pia. Fisi anaufuata usiku, tumbusi mchana ameshiba hawezi kuruka haraka, kwa hiyo kosa la mmoja wetu jana linaua wengine leo.

Halafu nyie abiria wa mabasi, hivi nani aliwatuma kuwarushia nyani ndizi? Mnaona raha wanavyodaka, mnapiga video. Nyani akishajua dirishani kuna chakula hatoki tena barabarani, anakaa na mtoto tumboni anasubiri basi lijalo, na basi lijalo dereva wake yuko na haraka kama mimi wa 2017. Nyie ndo mmemgonga, dereva kamalizia tu. Malori ya mahindi yenye turubai bovu, mnamwaga punje njia nzima, ni yale yale.

Tunalalamika matuta yanavunja springi. Shemeji yangu wa Unguja ananiambia barabara ya msitu wa Jozani kima punju walikuwa wanagongwa sana, yalipowekwa matuta vifo vikapungua. Springi inanunulika jamani. Punguzeni spidi.

Yule kijana alipita Jumamosi mchana. Kanitumia picha ya twiga watatu na ujumbe: "Bro nimetembea na 60 njia nzima, basi zimenipigia honi mpaka aibu, konda mmoja katoa kichwa dirishani ananiuliza kama gari nimeazima." Nikamwambia karibu chamani.